Kabla ya Kuomba Punguzo, Uliza Gari ni la Nani

Mtu anayeingia katika yadi ya magari jijini Tanga huulizwa maswali mawili kabla hajagusa kitasa cha mlango: anatafuta gari gani, na ana bajeti ya shilingi ngapi. Swali la kwanza halina ubaya. La pili ndilo linaloamua atatoa kiasi gani, kwa sababu muuzaji aliyekwisha kutajiwa milioni 15 hana haja ya kumwonyesha mteja gari la milioni 12, na akilazimika kumwonyesha, atalitaja kwa milioni 14 na nusu ili ibaki nafasi ya yale maneno ambayo karibu kila tangazo la gari hapa kwetu huishia nayo: maongezi yapo. Mteja ataomba apunguziwe, muuzaji ataguna, atapiga simu pembeni, atarudi na sura ya mtu aliyekubali hasara, na bei itashuka hadi milioni 13 na laki tano. Mnunuzi ataondoka akiamini ameokoa milioni nzima, ilhali amelipa milioni moja na nusu zaidi ya mtu ambaye hakuitaja bajeti yake.

Sisemi kwamba kupatana bei ni upuuzi. Watu wa mwambao tumelelewa na kupatana, na anayenunua samaki pale Deep Sea bila kusema neno huonekana ama ana kiburi ama ni mgeni. Lakini pale Deep Sea mnunuzi hufunua shavu la samaki akaona rangi yake, huangalia jicho, na amekwisha kusikia bei ambayo jirani yake amelipa dakika chache zilizopita. Maongezi yake yanasimama juu ya kitu anachokijua. Katika yadi ya magari karibu kila kinachojulikana kiko upande mmoja wa meza, na mnunuzi anayeanza na punguzo anapigania namba ambayo hajui ilitoka wapi. Ninachodai katika makala hii ni kwamba haki ya mnunuzi wa gari haipatikani kwenye punguzo. Hupatikana kwa kujua mwenye gari ni nani, bei yake imejengwa na nini, na muuzaji yuko tayari kuandika nini kwa mkono wake. Punguzo ni la mwisho, na mara nyingi ni dogo kuliko tunavyodhani.

Turudi kwenye ile simu ya pembeni. Wanunuzi wengi huidhania kuwa igizo, na wakati mwingine ni igizo kweli. Mara nyingi, hata hivyo, kijana wa yadi anampigia mwenye gari, kwa sababu gari lililosimama mbele yenu si la yadi. Gari la kawaida la mtumba, tuseme IST, Premio au Noah, limenunuliwa mnadani Japani na kampuni ya kusafirisha magari nje, likapakiwa melini, likashuka bandarini, likatolewa na wakala wa forodha, likakaa kwa muagizaji Dar es Salaam, kisha likaletwa Tanga kwa mali kauli, yaani yadi haijalipa chochote na itamrudishia mwenyewe bei yake likishauzwa. Wapo pia wenyeji wanaoegesha magari yao binafsi yadini ili yauziwe hapo. Kila mkono unaoguswa na gari hilo huweka cha juu chake, na dalali aliyekuleta wewe mnunuzi kutoka kijiweni huweka cha kwake bila hata kukuaga.

Kuchimbwa kwa bandari ya Tanga, kazi iliyogharimu zaidi ya shilingi bilioni 429 na kuongeza kina hadi mita 13, kumeondoa ule utaratibu wa zamani wa meli kutia nanga mbali na shehena kuletwa gatini kwa matishari. Wapo wanaotarajia kwamba magari yataanza kushuka hapa kwa wingi na bei kushuka nayo. Huenda ikawa. Nauli ya kulileta gari kutoka Dar es Salaam kupitia Chalinze na Segera itaokolewa, lakini idadi ya mikono haipungui kwa sababu meli imefunga gati Tanga. Itapungua mnunuzi atakapoanza kuuliza.

Nilimsindikiza jirani yangu, mwalimu mstaafu aliyekuwa na kiinua mgongo chake benki na wanawe wote wakimsukuma anunue Noah ya kwenda Muheza na kurudi. Kijana wa yadi alitupokea vizuri sana, kwa adabu ile ya Kitanga ambayo humfanya mtu aone haya kuuliza maswali magumu.

"Shikamoo mwalimu, karibu. Hii Noah imetulia, haijaguswa popote. Bajeti yako kama shilingi ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Bajeti tutaiongea. Gari hii ni ya kwenu hapa yadi?"

"Ni ya kwetu, mwalimu. Ni ya bosi."

"Bosi huyo ndiye jina lake limo kwenye kadi?"

Kijana alicheka kidogo. "Kadi iko Dar, mwalimu. Ukishaweka kishika uchumba inapandishwa basi, kesho asubuhi iko hapa."

"Basi mwanangu, acha kadi ije kwanza. Kishika uchumba hakiozi."

Kadi ilipokuja ilikuwa na jina la mtu wa Dar es Salaam ambaye si mfanyabiashara wa magari, aliyelimiliki gari hilo kwa miaka kadhaa na kuliacha kwa mtu, ambaye naye aliliacha kwa mtu. Hapakuwa na wizi wowote. Lakini gari lililotajwa kuwa halijatembea nchini lilikuwa limetembea, na "bosi" hakuwa na uwezo wa kupunguza hata laki moja bila kuongea na watu wawili. Mwalimu hakulinunua.

Jina la mwenye gari lina uzito wa kisheria ambao watu huusahau. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyochotwa kutoka sheria ya Waingereza ya mwaka 1893, inasimama juu ya kanuni kwamba mtu hawezi kuhamisha umiliki asio nao. Pia inatofautisha muuzaji ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo na mtu baki anayeuza chake mara moja: yule wa kwanza akiuza bidhaa kwa maelezo aliyoyatoa, sheria inachukulia kwamba ameahidi bidhaa yenye ubora unaouzika, hata kama hakutamka. Yadi inapouza gari la mtu binafsi na mkataba ukaandikwa kati yako na huyo mtu binafsi, yadi ikijitaja kama shahidi tu, ulinzi huo unaweza kukuponyoka. Nimeona mikataba ya namna hiyo, imegongwa muhuri wa wakili, na mnunuzi anafurahia muhuri bila kuona kwamba jina la yadi aliyoiamini halimo popote kama muuzaji.

Kuna kipengele kingine katika sheria hiyo kinachowagusa wale wanaojivunia kwenda na fundi wao. Mnunuzi aliyeikagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambazo ukaguzi huo ulipaswa kuzigundua. Wauzaji wetu, bila kuisoma sheria, wanaielewa vizuri, ndiyo maana huwa wepesi kusema "njoo na fundi wako". Fundi anayefika, akawasha injini, akasikiliza kwa dakika mbili na kusema gari liko poa, amekupunguzia ulinzi badala ya kukuongezea. Kama unakagua, kagua kweli, na kile ambacho hakikaguliki kwa macho, kama vile kilomita halisi, mwaka wa kutengenezwa na kama gari limewahi kupata ajali kubwa, muuzaji akiandike kwenye mkataba kama maelezo yake. Hapo kikija kugundulika cha uongo, hujalalamikia kasoro uliyoiona. Umelalamikia maelezo yasiyo ya kweli, na hayo yana sura yake pia katika Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia.

Sasa bei yenyewe. Mnunuzi hahitaji kuwa mhasibu kuijua sakafu ya bei ya gari la mtumba, kwa sababu sehemu kubwa ya bei hiyo ni kodi na kodi zinajulikana. Chukua gari dogo lenye injini ya cc 1,500 na umri wa zaidi ya miaka 10, ambalo thamani yake pamoja na bima na nauli ya meli hadi bandarini ni shilingi milioni 8. Kwa viwango vilivyozoeleka kwa miaka kadhaa, ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani milioni 2. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa magari yanayozidi cc 1,000 hadi 2,000 hukokotolewa juu ya jumla hiyo ya milioni 10, nao ni laki 5. Ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, ambao hutozwa magari yasiyo ya kazi yaliyozidi miaka 10, ni milioni 3. Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 huja mwisho juu ya vyote hivyo, milioni 13 na nusu, na kuzaa shilingi 2,430,000. Jumla ni shilingi 7,930,000, karibu sawa na thamani ya gari lenyewe, kabla ya tozo ndogondogo kama ile ya maendeleo ya reli, gharama za bandari, wakala na usajili.

Gari hilohilo, kwa thamani hiyohiyo, likiwa na umri usiofika miaka 8, halitozwi uchakavu, na kodi hizo zinakuwa shilingi 4,390,000. Tofauti ni zaidi ya milioni tatu na nusu. Bila shaka gari jipya zaidi huwa na thamani kubwa zaidi mnadani, kwa hiyo tofauti halisi hupungua, lakini ukweli unabaki kwamba katika IST kuukuu mnunuzi hulipia kodi nyingi na gari kidogo. Mwenye kuijua hesabu hii hushangaa jinsi tunavyokimbilia gari la mwaka wa nyuma kwa kuwa "ni rahisi", wakati pengo la bei kati yake na la miaka ya karibuni huenda ni dogo kuliko pengo la maisha ya injini.

Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina kikokotoo chake mtandaoni ambamo mtu huingiza aina ya gari, mwaka, ukubwa wa injini na nchi lilikotoka, kikampa thamani inayotumiwa na forodha pamoja na kodi zote. Ni bure, na kinafanya kazi kwenye simu. Kukitumia kabla ya kwenda yadini huchukua muda mfupi kuliko foleni ya chapati asubuhi, na humpa mnunuzi kitu kizuri kuliko punguzo: kwa gari lililoingia nchini karibuni, humwonyesha bei ambayo ni vigumu muuzaji halali kushuka chini yake. Anayetaka kupunguziwa chini ya hapo anajisumbua, na anayeuziwa chini ya hapo inampasa aogope. Hapa Tanga woga huo una sababu zake za kijiografia. Mpaka wa Horohoro, wa kuingia Kenya, uko karibu, na gari linaweza kuwa liliingia kwa kibali cha muda likabaki. Unguja na Pemba ziko ng'ambo, na gari lenye namba za Zanzibar ambalo kodi ya kuingia Bara haijakamilishwa huuzwa kwa bei tamu mpaka siku mnunuzi anapokwenda kubadilisha usajili.

Sokoni, hata hivyo, bei haizungumzwi kwa hesabu hiyo. Huzungumzwa kwa herufi. "Namba D", "namba E", na muuzaji akitaja herufi mnunuzi hutikisa kichwa kana kwamba ameambiwa afya ya gari. Herufi katika namba ya usajili huonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Gari la mwaka 2005 lililosajiliwa juzi litakuwa na namba mpya, na la mwaka 2012 lililosajiliwa zamani likatunzwa vizuri litakuwa na namba ya nyuma na bei ya chini. Kwa maoni yangu mnunuzi mtulivu anaweza kupata nafuu kubwa zaidi hapa kuliko mahali pengine popote sokoni, kwa kuwa wengine wote wanalipia herufi.

Umri na matumizi halisi vina mashahidi wao. Japani gari binafsi hupelekwa kwenye ukaguzi wa lazima wa serikali miaka mitatu baada ya kusajiliwa likiwa jipya, kisha kila baada ya miaka miwili, na hati ya kulisafirisha nje hubeba kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Mnadani gari hukaguliwa tena na kupewa karatasi yenye daraja: 4 na nusu ni zuri sana, 3 na nusu limeshachoka kidogo, na herufi R humaanisha liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Mchoro wa bodi kwenye karatasi hiyo huwa na alama, A kwa mkwaruzo, U kwa bonde, W kwa mahali palipopigwa rangi upya, XX kwa kipande kilichobadilishwa. Muagizaji wa kwanza huwa na uwezo wa kuipata karatasi hii. Muuzaji anayesema gari "limekuja jana kutoka Japani" lakini hana hati ya kusafirishia nje wala karatasi ya mnada anakuomba uamini dashibodi, na dashibodi ndiyo sehemu ya gari inayorudishwa nyuma kwa urahisi kuliko zote.

Hata pasipo karatasi, gari lenyewe husema. Kila tairi lina tarakimu nne ubavuni ndani ya kiduara kilichorefuka: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Gari linalodaiwa kuwa na kilomita elfu 60, ambalo pedali ya breki imelika hadi chuma kinachungulia na ngozi ya usukani imeng'aa upande wa kulia, limetembea zaidi ya hapo. Kwenye buti, inua zulia na toa tairi la akiba. Shimo lake lina kingo ambazo kiwandani huchomelewa kwa vidoa vilivyopangana kwa mpango mmoja, na mahali ambapo vidoa hivyo vimepotea na kuna mshono mnene uliofunikwa rangi, gari liliwahi kugongwa nyuma. Pitisha kidole chini ya mkunjo wa bodi pembeni mwa milango. Magari yaliyokaa Raskazone au Sahare yakipigwa na upepo wa bahari kwa miaka huanza kuliwa pale kabla kutu haijaonekana juu, na hii ni kasoro ambayo fundi wa bara, aliyezoea magari ya Dodoma, anaweza kuipita bila kuiona.

Majaribio ya barabarani hayana mengi ya kusema, ila hili moja. Kuzunguka barabara za namba za Ngamiani, tambarare na kwa mwendo wa polepole, hakukwambii chochote kuhusu giaboksi. Ukikubaliwa, toka nalo hadi Muheza uanze kupanda kuelekea Amani, injini ikiwa imeshapata moto, na usikilize giaboksi inavyobadilisha gia kwenye mlima. Ukikataliwa, umeambiwa kitu.

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof, ambaye mwaka 2001 alikuwa miongoni mwa watatu walioshirikiana Tuzo ya Nobel ya uchumi, alieleza kwa mfano wa magari yaliyotumika kinachotokea sokoni pale muuzaji anapojua ubora wa bidhaa na mnunuzi hajui. Mnunuzi, kwa kuwa hawezi kutofautisha, hutoa bei ya wastani. Mwenye gari zuri huiona bei hiyo ni ndogo, akaliondoa gari lake. Ubora wa yaliyobaki hushuka, bei ya wastani nayo hushuka, na wazuri wengine huondoka. Hapa Tanga tunaliona jambo hili bila kuhitaji hesabu zake. Gari lililotunzwa na mtu mwangalifu haliendi yadini. Huuzwa ndani kwa ndani, kwa mfanyakazi mwenzake, kwa shemeji, kwa mtu wanayeswali naye, kwa sababu hao wanajua lilivyotunzwa na wako tayari kulilipia. Yadini hufikia yaliyokataliwa na jamaa pamoja na yaliyotoka melini, na mnunuzi asiyekuwa na mtu wa kumwambia habari hulipa bei ya yote mawili.

Wapo wanaosema muuzaji hana ubaguzi, anatafuta pesa tu, na kila mtu hupata bei kadiri ya ulimi wake. Mwanasheria Ian Ayres alilipima jambo hili Chicago na kuchapisha matokeo mwaka 1991. Aliwatuma watu kwenye maduka ya magari mapya, wote wakifuata mazungumzo yaleyale waliyofundishwa, na wanaume weupe wakapewa bei ya chini kuliko wanawake na kuliko watu weusi. Ulimi ulikuwa mmoja, bei hazikuwa moja. Kwetu sura za wanunuzi ni nyingine lakini mwanamke anayekwenda yadini peke yake anajua ninachosema, na ndiyo maana dada zetu wenye pesa zao halali huchukua kaka au binamu wa kusimama kando yao, hata akiwa hajui tofauti ya plagi na betri. Bei inayotokana na maongezi humpima mtu kabla ya kulipima gari. Kwa sababu hiyo siwaungi mkono wanaoyasifu maongezi kama mila nzuri ya kibiashara ambayo inampa mnyonge nafasi. Mnyonge hulindwa na bei iliyoandikwa.

Kuhusu mkopo nitasema kidogo, ingawa madhara yake ni makubwa. Ukiambiwa riba ni asilimia 3 kwa mwezi kwa mkopo wa milioni 10 wa mwaka mmoja, na marejesho yakagawanywa sawasawa, shilingi 1,133,000 na ushee kila mwezi, riba hiyo inahesabiwa juu ya milioni 10 hadi mwezi wa mwisho ingawa wewe umekwisha kurudisha sehemu kubwa. Riba halisi juu ya deni unalobaki nalo ni zaidi ya asilimia 5 kwa mwezi. Usizungumze bei ya gari na marejesho ya mwezi kwa pamoja. Muuzaji anayekubali kukushushia bei kwa milioni moja, kisha akakuongezea miezi, hajakupunguzia kitu.

Madeni ya gari nayo hukaguliwa kabla ya pesa kutoka. Faini za barabarani huonekana kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi kwa namba ya gari, na madeni ya maegesho kwa wanaotoza ushuru huo, na yote mawili hulifuata gari hata likibadilisha mwenyewe. Namba ya chesesi kwenye kadi ilinganishwe na ile iliyogongwa kwenye chuma, herufi kwa herufi, mnunuzi mwenyewe akiinama na kuisoma. Kuhamisha umiliki TRA kuna ada na ushuru wa stempu, na nani atalipa ni jambo la kukubaliana kabla, tena lina thamani ya pesa ileile ambayo watu huipigania kwenye punguzo. Kumwachia muuzaji sehemu ya malipo mpaka kadi itoke kwa jina lako ni kinga bora kuliko ahadi yoyote, na yadi yenye gari lake mara nyingi hukubali.

Nchini Marekani, tangu mwaka 1958, gari jipya lazima libandikwe kiooni karatasi yenye bei ya mtengenezaji, kwa sheria iliyosukumwa na seneta Mike Monroney wa Oklahoma, na tangu mwaka 1985 gari lililotumika linalouzwa na mfanyabiashara hubandikwa karatasi inayosema kama linauzwa na dhamana au jinsi lilivyo. Biashara ya huko haijawa ya malaika kwa sababu hiyo, lakini mnunuzi huanza kuzungumza akiwa na karatasi mbele yake. Tume ya Ushindani inaweza kuzitaka yadi zetu zibandike karatasi moja kwenye kioo cha kila gari: namba ya chesesi, mwaka wa kutengenezwa, tarehe ya usajili nchini, kilomita zilizoandikwa kwenye hati ya kusafirishia nje, bei, na jina la mwenye gari kama lilivyo kwenye kadi au kwenye nyaraka za forodha. Gharama yake ni ya karatasi na wino.

Yadi zenye magari yao wenyewe zitanufaika na karatasi hiyo, kwa sababu kwa mara ya kwanza zitaweza kuomba bei nzuri kwa gari zuri na kuaminiwa. Za mali kauli zitalalamika kwamba biashara inaingiliwa, na hasa zitaukimbia ule mstari wa jina la mwenye gari, ambao hautajazika bila kumtaja mtu asiyetaka kutajwa. Tume ikitaka kujua ianzie wapi ukaguzi wake hapa Tanga, ianze na yadi zitakazouacha mstari huo wazi.